Tripodi ya mbao za kitanda

Haya jamani, nimerudi. Najua nimekaa kimya muda mrefu, na walioniuliza niko wapi niliwajibu kwamba niko kwenye mradi. Wengi walidhani ni mradi wa programu. La hasha! Karibu mwaka mzima wa 2025 saa zangu za ziada niliziishia kwenye mbao, bolti na jerikani ya mchanga. Leo nataka kuwasimulia kisa chenyewe tangu mwanzo, pamoja na makosa yangu yote, maana najua kuna mtu atanunua darubini kubwa ya macho mawili kisha ashangae mbona haoni kitu.

Tuanze na darubini yenyewe. Novemba 2024 nilipata darubini ya macho mawili ya 20x80, mtumba, kutoka kwa jamaa mmoja hapa Nairobi aliyekuwa anahama. Kwa wasiojua, nambari hizo mbili zina maana rahisi. Ya kwanza ni ukuzaji: unachokitazama kinaonekana kana kwamba kimesogea karibu mara 20. Ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Gawanya 80 kwa 20 upate 4, na hizo ndizo milimita za duara la mwanga linalotoka nyuma na kuingia jichoni mwako. Mboni ya jicho la kijana, gizani, hupanuka hadi kama milimita 7. Kwa hivyo lenzi ya milimita 80 inakusanya mwanga zaidi ya mara 100 kuliko jicho tupu. Hapo ndipo utamu ulipo.

Uchungu uko upande wa pili. Darubini hiyo ina uzito wa kilo mbili na robo, na kama inavyokuza nyota mara 20 ndivyo inavyokuza mtetemeko wa mikono yako mara 20. Usiku wa kwanza nilitoka nayo kwenye roshani, nikaielekeza kwa sayari ya Mshtarii, na nilichokiona kilikuwa kama mwandiko wa daktari. Nusu dakika, mabega yakaniwaka. Nikaelewa kwamba sikununua darubini. Nilinunua nusu ya darubini. Nusu nyingine ni kitu cha kuishikilia.

Basi nikaenda mjini nikanunua tripodi ya kamera ya bei nafuu. Karatasi yake ilisema inabeba kilo tatu. Nami, kama programa mzembe anayeamini maandishi bila kupima, nikaamini. Hilo lilikuwa toleo 0.1.

Kwa nini miguu mitatu?

Kabla sijaendelea, swali ambalo rafiki yangu mmoja wa kazini aliniuliza: kwa nini kila mtu anatumia miguu mitatu, si minne? Jibu liko jikoni kwa mama zetu. Meza ya miguu minne kwenye sakafu mbovu hucheza, mpaka uweke karatasi chini ya mguu mmoja. Miguu mitatu haichezi kamwe, hata ukiiweka juu ya mawe, kwa kuwa nukta tatu zozote daima hukaa kwenye bapa moja. Ndiyo maana mafiga ni matatu. Figa moja haliinjiki chungu, na la nne ni la kukusumbua tu.

Lakini kutocheza ni jambo moja na kutotetema ni jingine. Tripodi yangu ya kamera haikucheza. Ilitetema. Kuna jaribio rahisi ambalo nawashauri mlifanye kabla hamjatoa hela dukani: funga mzigo juu, tazama kitu cha mbali, gonga mguu mmoja kwa kidole, halafu hesabu sekunde mpaka picha itulie. Yangu ilichukua sekunde saba. Kila nilipogusa darubini kuifuatisha nyota, sekunde saba. Upepo ukipita, haitulii kabisa. Ule mhimili wa katikati unaopandishwa juu ndio mbaya zaidi: ukiupandisha, umegeuza miguu mitatu kuwa mguu mmoja mrefu.

Msambweni, Desemba 2024

Sasa nifike kwenye sababu halisi ya haya yote. Nyanya yangu anaishi Msambweni, kule Kwale. Nilipokuwa mdogo, likizo zangu nyingi nilizimaliza kwake, na yeye ndiye wa kwanza kunionyesha Kilimia, kile kifungu kidogo cha nyota ambacho Wazungu hukiita Pleiades. Jina lenyewe linatokana na kulima. Wazee wa pwani husema Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Kila mwaka, kufika mwezi wa Mei, kinapotea kwenye mwanga wa jua upande wa magharibi, halafu mwezi wa Juni kinarudi alfajiri upande wa mashariki. Nyanya alikuwa akiamka kukiangalia kama mimi ninavyoangalia simu yangu asubuhi.

Miaka ya karibuni macho yake yaliharibika. Jicho la kushoto liliharibiwa na presha ya jicho, na daktari alishasema halitarudi. La kulia lilikuwa na mtoto wa jicho, akafanyiwa upasuaji mwaka 2024, likapata nafuu kubwa. Aliweza tena kutambua watu barabarani na kuchagua mchele. Lakini siku moja kwenye simu aliniambia, si kwa kulalamika, kama mtu anayetaja bei ya sukari tu: "Kilimia sikioni tena. Nakijua kiliko, lakini naona moshi."

Basi mwisho wa Desemba 2024 nikapanda treni ya SGR hadi Mombasa, nikavuka Likoni kwa feri, nikachukua matatu hadi Msambweni, darubini mgongoni na tripodi mkononi. Ilikuwa tarehe 28, mwezi unakaribia kuandama, giza zuri. Nikamwambia, "Nyanya, leo utakiona Kilimia."

Saa nne kasoro usiku Kilimia kilikuwa juu, kama nyuzi 61 kutoka upeo wa macho. Nikakipata. Jamani, kilikuwa kizuri! Nyota nyingi za bluu-nyeupe kama sukari iliyomwagika. Lakini mimi nina urefu wa mita moja na themanini, na nyanya, hata akisimama, ananifika kifuani. Tena hawezi kusimama muda mrefu. Nikamletea kiti, nikashusha tripodi, na nilipoishusha shabaha ikapotea. Nikaitafuta tena nimepiga magoti. Nikapata. Akainama, paji la uso likaigusa darubini, sekunde saba za mtetemeko, na akiisogeza kidogo tu, Kilimia kimetoka. Nyuzi tatu na kitu za anga ndizo zinazoingia kwenye 20x80. Hazitoshi kwa mtu ambaye mikono yake inatetemeka. Tena miguu ya tripodi ilikuwa inamgonga magotini. Tulijaribu mara sita. Mwishowe akaketi vizuri, akajifunga leso yake, akasema, "Mume wangu, mashine yako haina adabu kwa wazee."

Alicheka, nami nikacheka. Lakini nilipoingia ndani sikuwa na raha hata kidogo.

Tatizo la utosini

Usiku huohuo, yeye akiwa amelala, nilitoka tena kutazama wingu la Orion, lile linaloitwa M42. Hapo ndipo nilipogundua jambo ambalo hakuna mwongozo hata mmoja kati ya ile niliyosoma uliokuwa umenionya.

Miongozo hiyo iliandikwa na watu wa Uingereza na Marekani. Kwao, ushauri ni kwamba tripodi nzuri ya kimo cha macho inatosha. Na kwa kweli inawatosha! Ukiwa London, M42 ikifika juu kabisa inakuwa nyuzi 33 tu kutoka upeo wa macho. Ukiwa Chicago ni kama 43. Unasimama wima, unainua kidevu kidogo, unatazama. Lakini M42 iko nyuzi 5 na ushei kusini mwa mstari wa ikweta ya anga, na Msambweni iko nyuzi 4 na nusu kusini mwa ikweta ya dunia. Maana yake ni kwamba ikifika juu, inapita karibu kabisa na utosi wako, chini ya nyuzi moja kando. Hata Nairobi ni nyuzi 4 tu kutoka utosini.

Jaribu basi kutazama utosini kwa darubini iliyofungwa juu ya tripodi. Macho ya darubini yanaelekea ardhini. Kichwa chako lazima kiwe chini yake, mahali hasa palipo na miguu ya tripodi. Utajikunja kama kambare kwenye kapu. Kile ambacho kwao ni kitu cha kando, wanakitaja kwa sentensi moja, kwetu ndicho usiku wenyewe.

Na katika kujikunja huko, nikasikia "tak", na darubini ikaanguka.

Ilianguka juu ya mkeka, namshukuru Mungu. Lenzi hazikuvunjika. Lakini nilipoitazamia taa ya jirani niliona taa mbili. Prizimu ya upande mmoja ilikuwa imehama, macho mawili ya darubini hayakuelekea tena mahali pamoja.

Kosa lilikuwa langu. Skrubu ya asili ya kishikio ilinipotea Nairobi, nikanunua bolti kwenye duka la vifaa vya ujenzi iliyoonekana sawa. Iliingia mizunguko mitatu ikakaza, nikaridhika. Fundi seremala wa pale Msambweni, nilipomwonyesha asubuhi yake, alizishika mbili hizo kwa sekunde moja akasema, "Tundu hili ni la robo inchi, na bolti hii ni ya mili sita. Haziongei." Naam. Vifaa vya kamera dunia nzima hutumia uzi wa robo inchi, mizunguko 20 kwa kila inchi, yaani kipenyo cha milimita 6.35 na hatua ya milimita 1.27. Bolti ya mili sita ina kipenyo cha 6.00 na hatua ya 1.00. Inaingia, inajikwaa kwenye meno, unadhani imekaza, kumbe imeshikwa na ncha mbili tatu tu za chuma.

Sisi waandishi wa programu tunalijua kosa hili. Mwaka 1999 chombo cha Marekani kiitwacho Mars Climate Orbiter kilipotea kilipofika Mirihi kwa sababu programu moja ilitoa hesabu kwa vipimo vya Kiingereza na nyingine ikazisoma kama vya metriki. Nilijifunza kisa hicho chuo kikuu, nikajibu swali lake kwenye mtihani, nikapata alama zote. Halafu nikaja kulirudia kosa hilohilo juu ya mkeka wa nyanya yangu.

Kuanza upya

Niliporudi Nairobi nilifanya nilichopaswa kufanya mwanzo. Niliacha kuuliza "darubini hii inahitaji nini?" nikauliza "nani atatazama, akiwa ameketi wapi, akitazama upande gani?" Nikaandika mahitaji kama ya mradi wa kazini:

Moja, nyanya aketi kwenye kiti au alale, na mimi nisimame, bila shabaha kupotea tunapobadilishana.
Mbili, ifike utosini.
Tatu, miguu isimguse mtazamaji.
Nne, ikiguswa itulie kwa sekunde mbili.
Tano, isianguke. Tena nikapigia mstari.

Tripodi ya kawaida, hata ya bei ghali, haitimizi la kwanza wala la tatu. Kinachotimiza ni mkono wa pembenne sambamba. Wazia mbao mbili ndefu zinazolingana, moja juu ya nyingine, zimeunganishwa kwa mbao mbili fupi kwenye ncha, na kila kona ina bolti inayozunguka. Mbao fupi ya nyuma imesimama juu ya tripodi. Darubini inaning'inia kwenye mbao fupi ya mbele. Ukiinua au ukishusha mkono, mbao fupi ya mbele inabaki sambamba na ya nyuma siku zote. Yaani darubini inapanda na kushuka bila kuinama hata kidogo.

Na hapa ndipo uzuri wa hesabu ulipo. Ukiishusha darubini nusu mita bila kuizungusha, bado inatazama nyota ileile! Mwezi uko mbali kiasi cha kilomita 384,400, na nyota ziko mbali mno zaidi ya hapo. Nusu mita si kitu. Kinachopoteza shabaha ni kuzunguka, si kuhama. Nilipolielewa hilo nilikaa kitandani nikicheka peke yangu kama mwehu.

Mkono huo unahitaji uzani wa upande wa pili. Darubini na kishikio chake ni kama kilo 3, sentimita 75 mbele ya mhimili: 3 mara 75 ni 225. Mbao zenyewe ni kilo 2 hivi, na kitovu cha uzito wao kiko kama sentimita 20 mbele, kwa hivyo ongeza 40. Jumla 265. Nyuma nina sentimita 35 tu, na 265 ukigawanya kwa 35 ni kilo 7 na nusu. Jerikani ya lita tano ikijazwa mchanga mkavu inakuwa kama kilo 8. Ukimwaga kidogo umepata uzani wako barabara. Hakuna haja ya kununua vyuma vya mazoezi.

Lakini jumlisha sasa: karibu kilo 13 juu ya miguu mitatu. Ile tripodi ya kamera ingelia. Nilihitaji miguu ya mbao, na mbao ina faida yake: nyuzi zake zinapotetemeshwa husuguana ndani kwa ndani na kuumeza mtetemo, wakati bomba jembamba la alumini hulia kama kengele. Ndiyo sababu wapima ardhi nao wametumia miguu ya mbao miaka na miaka.

Pasaka ya 2025 nilirudi Msambweni kutafuta mbao. Mvule mkavu, bei haishikiki. Nyanya alinisikia nikilalamika na fundi uani, akanyamaza, halafu akaniita chumba cha nyuma. Pale kilisimamishwa ukutani kitanda cha marehemu babu, kimefunguliwa, mifumbati miwili ya mvule ya futi sita na matendegu yake.

"Chukua hiyo mifumbati," akasema.

Nikakataa. Nikamwambia hicho ni kitanda cha babu.

"Babu yako hakihitaji. Nami nina changu. Kimebeba watoto wanne wakizaliwa, kitashindwa na chombo chako?"

Fundi aliipasua kila mfumbati kwa urefu vipande vitatu. Vitatu vikawa miguu ya sentimita 150. Viwili vikawa mikono ya sentimita 110. Cha sita kikatoa mbao fupi. Hakikubaki kitu ila vumbi la msumeno, na hilo nyanya alilizoa akaliweka kwenye mfuko, sikumuuliza la nini.

Maelezo machache kwa atakayetaka kujenga. Kwenye viungo vinne vya mkono tulitumia bolti za mili kumi, na kati ya mbao na mbao tukaweka vibati vya duara tulivyokata kwenye jerikani kuukuu. Plastiki hiyo inateleza polepole, haikwami wala haikimbii. Kila bolti ina nati mbili zinazobanana ili isijifungue. Chini, katikati ya miguu, kuna mnyororo unaoizuia isipanuke zaidi ya inavyotakiwa, na ndoano ya kutundika mfuko wa mawe upepo ukivuma. Kichwa ni chuma cha pembe, darubini imeshikwa ubavuni ili iweze kugeuka hadi utosini. Na skrubu ya robo inchi nilinunua tatu. Mbili ni za akiba. Tena kuna kamba kutoka kwenye darubini hadi kwenye mkono, hata skrubu ikiachia haifiki chini.

Ile prizimu nilijaribu kuirekebisha mwenyewe. Chini ya mpira wa nje kuna skrubu ndogo sana, unazungusha robo ya mzunguko, unatazama nyota, unarudi. Nilifanya hivyo usiku tatu. Nyota mbili zilikaribiana lakini hazikukutana. Ukitazama kwa dakika mbili kichwa kinauma.

Tarehe 7 Septemba 2025

Mwezi ulipatwa kikamilifu usiku huo, Jumapili, na Kenya nzima iliuona. Mimi niliomba ruhusa ya Jumatatu kazini. Sababu niliyoandika ilikuwa "shughuli za kifamilia", na haikuwa uongo.

Kivuli kilianza kuula mwezi saa moja na dakika 27 usiku. Nyanya aliswali swala ya kupatwa kwa mwezi kwanza, akachukua muda wake, nami nilisubiri uani nikiyatazama mawingu kwa hofu. Yalikuwa yanatoka baharini vipande vipande. Saa mbili u nusu mwezi ulikuwa umeingia wote kwenye kivuli, na ungebaki humo dakika 82. Nikaupata nikiwa nimesimama. Ulikuwa mwekundu wa shaba, pembe moja imefifia zaidi ya nyingine. Rangi hiyo ni mwanga wa jua uliopenya kwenye hewa ya dunia pande zote ukajipinda hadi kuufikia mwezi.

Kisha nikaushusha mkono mpaka kwenye kiti chake. Sikushika darubini, nilishika mbao tu. Akainama kidogo, akaweka jicho la kulia.

Nilikuwa nimejiandaa kumweleza asisogeze, asishike hapa, asukume pale. Hakuhitaji. Alishika darubini kwa mikono yote miwili, mikono inayotetemeka, na ule mvule ukaimeza mitetemeko yake. Akakaa kimya. Wingu likaja, likapita, hakuondoa jicho.

"Umekuwa kama chungwa," akasema. "Nilidhani ni bapa."

Mimi nikawa na wasiwasi na jambo moja. "Nyanya, huoni miezi miwili?"

"Miwili ya nini? Mwezi ni mmoja."

Hapo ndipo nilipokumbuka. Miezi minane nimekosa usingizi kwa ajili ya prizimu iliyohama, na mtu niliyemjengea hutazama kwa jicho moja. Kwake darubini ilikuwa nzima. Nami nikafumba jicho langu la kushoto, na ikawa nzima kwangu pia.

Mwezi ulitoka kivulini wote karibu saa tano usiku. Nikamwambia akalale. Akauliza, "Na Kilimia?" Alijua kabisa kwamba msimu huu hakitoki mapema. Tukanywa chai ya tangawizi. Saa sita na robo kilikuwa kimepanda juu ya minazi upande wa kaskazini-mashariki, kimefifishwa na mwezi mpevu, kwa macho matupu hata mimi nilikitafuta. Nikakishika kwenye darubini, nikashusha mkono.

Alitazama muda mrefu sana. Mimi ninayependa kuhesabu, sikuhesabu. Mwishoni akasema, "Ndicho," basi, akaniomba nimsaidie kuinuka.

Mwisho

Desemba 2025 nilikwenda tena. Safari hii nilitoa kitanda cha kamba uani, nikalala chali, nikaushusha mkono mpaka darubini ikawa juu ya uso wangu. Kabla ya saa sita kidogo M42 ikapita utosini kama bawa la kijivu, wala shingo haikuniuma. Jaribio la kugonga mguu: sekunde mbili kamili.

Hesabu kwa wanaotaka kujua: fundi shilingi 3,000, bolti, nati na mnyororo 1,150, chuma cha pembe na kuchomelea 800, skrubu za robo inchi 300. Mbao na jerikani sikununua. Kasoro zilizobaki ni kwamba ni nzito, haiingii kwenye matatu bila ugomvi, na kwa hivyo inaishi Msambweni, si Nairobi. Prizimu bado.

Kama ndio kwanza mnaanza, na mikono yenu ni imara, chukueni 10x50 kwanza, mwegemee ukuta, mtafurahi. Mkitaka kubwa, tengeni hela ya miguu kabla ya hela ya lenzi, na kabla ya yote hayo ulizeni nani atatazama. Mchoro wenye vipimo vyote ninao. Atakayeuhitaji aniandikie barua-pepe nitamtumia.

Nyanya naye anaitumia bila mimi. Nilipopiga simu wiki iliyopita, mtoto wa jirani aliniambia amemfundisha namna ya kumwaga mchanga.

Wasalaam.